Picha za usiku: kasi kwanza, chenga zitasameheka

Picha ya usiku haina marudio. Bibi arusi haingii ukumbini mara mbili, na marehemu halali nyumbani kwake usiku wa mwisho mara mbili. Mpiga picha aliyelipwa nusu ya pesa zake mapema, kisha akaleta nyuso zilizovurugika kama zimeonekana ndani ya maji, hana namna ya kulipa deni hilo. Pesa anaweza kurudisha. Usiku ule hawezi.

Nalizungumza jambo hili kwa sababu wapo vijana wetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale wanaoishi kwa kamera, na siku hizi simu zinawapigia kutoka mbali, hasa upande wa ziwa. Kendu Bay, Homa Bay mjini na Migori kuna Waislamu wa tangu zamani, wenye jamaa huku kwetu, na arusi zinatuunganisha. Lakini kazi si za arusi pekee. Mwaka 2025 Homa Bay iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni, kisha Kongamano la Ugatuzi mwezi Agosti. Mikutano kama hiyo huwa na kazi zake za usiku pia: karamu, muziki, wageni wa kupigwa picha. Kuna mikesha ya matanga, kuna ngoma za ohangla, na kuna wavuvi wa omena wanaofanya kazi yao usiku ziwani. Kijana aliyezoea kupiga picha za ufuo wa Diani saa nne za asubuhi akiingia katika kiza hicho na mipangilio ile ile, atarudi na kadi iliyojaa taka.

Makala haya ni ya kumsaidia yeye, na mwenye simu tu pia. Neno lenyewe ni moja: usiku, chagua kasi kwanza. Mengine yote yafuate.

Njia tatu za kupata mwangaza

Kamera hufanya picha kwa kukusanya mwangaza. Usiku mwangaza ni haba, na kuna njia tatu tu za kuuongeza.

Ya kwanza ni tundu la lenzi. Tundu hupimwa kwa namba zinazoanza na herufi f, na namba hizo huwababaisha wengi kwa sababu zinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 kwenda f/4 mwangaza unaoingia huongezeka maradufu. Kutoka f/4 kwenda f/2.8, maradufu tena, na vivyo hivyo hadi f/2 na f/1.4. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho haiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo isiyovutika ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa madukani, huingiza karibu mara 10 ya mwangaza huo. Kijana mwenye akiba kidogo asikimbilie kununua kamera mpya. Anunue lenzi hiyo kwanza.

Ya pili ni shata, lile pazia linalofunguka na kufunga ndani ya kamera. Kasi yake hupimwa kwa sehemu za sekunde. Shata ya 1/60 hukaa wazi muda mrefu kuliko ya 1/250, kwa hivyo huingiza mwangaza zaidi, lakini lolote litakalosogea katika muda huo litaacha mkia.

Ya tatu ni ISO. Hii haiongezi mwangaza hata chembe. Inachokifanya ni kukikuza kile kidogo kilichokwisha kuingia. Mfano wake ni kipaza sauti: ukikipandisha, sauti ya msemaji inapanda na mkwaruzo unapanda nayo. Katika picha mkwaruzo huo huonekana kama vijidoa vidogo vya rangi rangi, mfano wa chenga za mchele. Tuviite chenga.

Kwa nini kasi ianze

Makosa mengi ya picha za usiku yanatokana na hofu ya chenga. Mpiga picha amesikia kwamba ISO ya juu inaharibu picha, basi anaibana kwenye 400 au 800. Kamera nayo, kwa kuwa imenyimwa njia ile, inalazimika kuirefusha shata hadi 1/15 au hata 1/8. Mtu akigeuza shingo tu, uso umekwenda. Picha haina chenga, na haina mtu vilevile.

Pima hasara mbili hizo. Picha yenye chenga bado inamwonyesha mama na machozi yake, au bwana arusi na tabasamu lake. Ikichapishwa kwa ukubwa wa albamu, au ikitazamwa katika simu, chenga nyingi hazionekani kabisa. Zikibaki, ziko programu za kompyuta na za simu zinazozipunguza. Lakini uso uliotikisika haukuwahi kuingia kwenye kamera ukiwa na macho, na hakuna programu itakayoyarudisha macho hayo kwa haki. Itabuni macho ya mtu mwingine.

Kwa hivyo ukifika mahali, usijiulize kwanza kuna taa ngapi. Jiulize: ninayempiga anasogea kiasi gani? Aliyekaa kimya akisikiliza, 1/60 hadi 1/100 inatosha. Anayehutubia huku akirusha mikono, au anayetembea, 1/125 hadi 1/200. Anayecheza ngoma, 1/250. Anayeruka, 1/500.

Kuna kikomo kingine, cha mikono yako mwenyewe. Kanuni ya zamani inasema shata isiwe ya polepole kuliko urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50, angalau 1/50, ya milimita 200, angalau 1/200. Katika kamera nyingi za kuanzia, ambazo kitambuzi chake ni kidogo, zidisha kwa moja na nusu, yaani lenzi ya 50 iende 1/80 au zaidi. Ile teknolojia ya kutuliza mtikisiko iliyomo katika lenzi au kamera hutuliza mkono wako wewe. Haimtulizi mcheza ngoma.

Ukishachagua kasi, fungua tundu hadi f/2 au f/1.8, kisha ISO iende inapokwenda. Njia rahisi ni kuweka kamera kwenye M, ukachagua kasi na tundu mwenyewe, na ISO ukaiacha iwe Auto yenye kikomo cha 6400. Kamera za miaka kumi iliyopita nyingi zinaibeba namba hiyo bila aibu. Ukiona bado ni kiza, usiipige picha nyeusi ukidhani utaingʼarisha baadaye. Kuingʼarisha nyumbani ndiko kunakoziamsha chenga mbaya zaidi, zile za ndani ya vivuli. Ni afadhali ISO 3200 yenye mwangaza wa kutosha kuliko ISO 800 iliyozama gizani.

Mkesha wa matanga chini ya taa za jenereta

Sisi Waislamu wa Pwani maiti wetu huharakishwa. Akifa asubuhi, mara nyingi alasiri amekwisha kuzikwa, na kamera haina nafasi kubwa hapo. Katika boma la Waluo mambo ni mengine. Kwa kawaida mwili huletwa nyumbani siku ya kuamkia mazishi na kulala hapo usiku huo, na watu hukesha nao kwa nyimbo, kwaya na kumbukumbu. Kwa jamaa waliosafiri kutoka Nairobi au ngʼambo, huo ndio usiku wa mwisho wa kuwa pamoja naye. Wanaomlipa mpiga picha wanamlipa kwa ajili hiyo, na mgeni kutoka Pwani alijue hilo kabla hajaifungua begi.

Mwangaza hapo ni balbu za LED zilizoning'inizwa kwenye mahema, zikiendeshwa na umeme wa kawaida au jenereta. Mipango ya kuanzia: kasi 1/100, tundu f/2, na ISO itatulia baina ya 2000 na 3200. Sikuichagua 1/100 kwa kubahatisha. Umeme wa Kenya una mapigo 50 kwa sekunde, na taa nyingi huzimika na kuwaka mara 100 katika sekunde hiyo moja, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Shata ya 1/100 inachukua pigo moja zima kila mara, na 1/50 inachukua mawili. Ukienda 1/250 unakamata kipande tu cha pigo: picha moja inatoka angavu, inayofuata imefifia, na nyingine ina mistari ya kiza iliyopita kifuani mwa watu. Balbu za LED za bei rahisi ndizo zenye tatizo hili zaidi, na jenereta isiyotulia huliongeza.

Zipo kamera zenye shata ya kimya, isiyotoa mlio. Katika mkesha inavutia kuitumia, kwa sababu hakuna anayetaka kusikia kamera ikilia karibu na jeneza. Lakini shata hiyo katika kamera nyingi huisoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa za LED ndiyo inayoleta mistari ya kiza kwa wingi. Ijaribu mapema, kabla watu hawajajaa. Ukiiona mistari, rudi kwenye shata ya kawaida na usimame mbali kidogo.

Flashi usiitumie hapo. Kwanza ni adabu: mtu anayelia hapigwi radi machoni. Pili, flashi ya mbele huwapa watu nyuso za wazi mbele ya ukuta mweusi, kana kwamba hema, taa na umati havikuwapo. Mwenye boma aliyezikodi zile taa alitaka usiku wake uonekane vile ulivyokuwa.

Na kama mkesha umegeuzwa disko, jua kwamba maafisa wa utawala wamezipiga marufuku disko matanga mara kwa mara sehemu hizo kwa ajili ya usalama wa watoto. Uliza kama kuna kibali kabla hujakubali kazi.

Jukwaa la ohangla na ukumbi wa arusi

Ohangla ni ngoma ya kasi. Mpigaji ana vigoma vyake mbele, mikono haionekani kwa haraka, na wachezaji hutikisa mabega na viuno bila kupumzika. Hapa 1/250 ndiyo ya kuanzia, tundu f/2, ISO 3200 hadi 6400. Iwapo taa zitaleta mistari, shuka hadi 1/100 na usubiri. Kila mcheza ngoma ana nukta ya kutua: mguu umefika juu na haujaanza kushuka, bega limekwenda mbele na halijarudi. Bonyeza hapo. Ukisikiliza ngoma vizuri utaijua nukta hiyo kabla haijafika, na mtoto wa Pwani aliyekulia kwenye chakacha hana haja ya kufundishwa mdundo.

Taa za jukwaani zina hila nyingine. Nyekundu na buluu za LED huujaza uso rangi moja hadi ukapoteza umbo: pua, shavu na paji la uso vinakuwa bapa jekundu. Hakuna mpangilio wa kamera utakaoponya hilo kikamilifu. Subiri taa zigeuke, kwa sababu baada ya muda hupita nyeupe au ya manjano, na picha unayoitaka iko katika sekunde hizo. Hifadhi picha zako katika mfumo wa faili ghafi, ule ulioandikwa RAW kwenye kamera, na si JPEG peke yake. Faili ghafi ni nzito, lakini inakuwezesha kurekebisha rangi na vivuli nyumbani bila kuivunja picha.

Katika ukumbi wa arusi balbu za manjano huwafanya watu waonekane kama wamepakwa bizari. Hilo ni suala la joto la rangi, ambalo hupimwa kwa kelvini. Mchana ni karibu 5500. Balbu ya manjano ni karibu 3000. Weka kamera kwenye 3200 au ile alama ya balbu, na nguo ya bibi arusi itarudi kuwa nyeupe. Acha manjano kidogo ibaki, kwa sababu usiku wenyewe ulikuwa na joto hilo.

Tahadhari ya tundu kubwa: kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwako, sehemu iliyo kali katika picha ina kina cha sentimita kama 11 tu kwenye kamera za kuanzia. Ni upana wa kiganja. Ukilenga ncha ya kofia, macho yanaweza kufifia. Lenga jicho lililo karibu nawe. Kamera ikihangaika kulenga kizani, ipe kitu chenye mpaka mkali katika umbali ule ule: ukosi wa kanzu, ukingo wa kilemba, hereni. Na kwa picha ya jamaa waliopanga safu mbili, rudi f/4, waombe watulie, upige kwa 1/60. Safu ya nyuma nayo ina mama zao.

Ziwani, kwenye karabai za omena

Sasa tutoke kwenye mahema. Ukisimama Mbita au Sindo katika kaunti ya Homa Bay, au Muhuru Bay upande wa Migori, usiku usio na mwezi, utaona kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa omena, dagaa wa ziwa. Taa huelea, samaki huufuata mwangaza na kukusanyika, kisha wavu unazungushwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni za LED zenye betri. Wavuvi wetu wa dagaa wa baharini wanaijua kazi hiyo hiyo, na wanajua kwa nini mwezi mpevu ni siku ya kupumzika: taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hivyo anayetaka picha hiyo aangalie kalenda ya mwezi mwandamo, aende siku za mwisho wa mwezi au za mwanzo. Asiende kati ya Aprili na Julai, wakati uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa ili samaki wazaane.

Jua la huko huchelewa kuchwa kwa dakika kama 20 ukilinganisha na Mombasa, kwa kuwa tuko mbali sana kwa mashariki. Likishatua, kuna dakika nyingine kama 20 ambazo mbingu ina buluu nzito na taa za kwanza zimewaka. Huo ndio wakati bora. Kikipita, mbingu inakuwa nyeusi kabisa na taa zinabaki nukta tupu.

Ukiwa nchi kavu, weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, au hata juu ya ukuta au mfuko wa mchanga. Hapa kanuni yetu haijabadilika, jibu lake ndilo lililobadilika: nini kinasogea? Kamera haisogei tena. Mashua zinayumba polepole. Basi anza na sekunde 2 hadi 5, f/2.8, ISO 1600. Ukienda sekunde 30, kila taa itakuwa mstari uliopinda. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera, na ulenge kwa mkono: ikuze taa moja kwenye kioo cha kamera, geuza pete ya lenzi hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiiguse tena.

Ukialikwa ndani ya mashua, vaa jaketi la kuokoa maisha kabla ya jambo lolote, na iache stendi ufukweni. Mashua inayumba na stendi inayumba nayo, kwa hivyo sekunde 2 hazina maana tena. Rudi 1/125, f/1.8, ISO 1600, na uitumie taa ya mvuvi mwenyewe. Taa ndogo ina hesabu yake: mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwangaza wa aliye mita 1, na akiwa mita 3 hupata sehemu moja ya tisa. Hatua moja ya kusogea karibu na taa ina thamani kuliko kupandisha ISO mara mbili. Ngoja mvuvi anapoinama kuitengeneza taa yake. Mpige hapo. Usimwombe aache kazi, kwa maana anachokitafuta usiku ule ni chakula cha watoto wake.

Nyuso zetu na kipimo cha kamera

Kipimo cha mwangaza ndani ya kamera hakijui usiku wala kanzu wala ngozi. Kinadhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kikiona kiza kingi nyuma ya mtu, kinaingʼarisha picha kupita kiasi, na uso unakuwa mweupe kama chokaa. Kikiona safu ya kanzu nyeupe, kinaifanya picha kiza, na nyuso zinazama. Arusi ya Kiislamu Kendu Bay usiku ina vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kasoro hii ina historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi za kusawazisha rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha rangi sahihi. Watu weusi walitoka meno na macho tu. Filamu ilirekebishwa baadaye, na kamera za leo ni bora zaidi, lakini kipimo cha kijivu bado kipo, na anayekijua ndiye atakayekitawala.

Dawa yake ni kupima shavu. Weka kipimo cha nukta moja, kielekeze kwenye shavu la mtu na si kwenye nguo. Kama ngozi yake ni nyeusi sana, punguza kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja kamili, ili kamera isiibadilishe kuwa kijivu. Ngozi nyeusi ina mngʼaro wake. Iwekee taa ubavuni badala ya mbele, na utaona shavu, taya na paji vikijichonga vyenyewe. Na usiuamini sana mwangaza wa kioo cha kamera. Usiku macho yako yamepanuka, kila picha inaonekana angavu, ukifika nyumbani unakuta kiza. Punguza mwangaza wa kioo, au tazama ule mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwangaza: vilima vyote vikiwa vimelundikana kushoto, picha ni kiza hata kama kioo kinasema vingine.

Mwenye simu tu

Simu nyingi za leo zina modi ya usiku. Inachofanya ni kupiga picha kadhaa mfululizo kwa sekunde moja, mbili au tatu, kisha kuzichanganya kuwa moja. Kwa jengo, kwa taa za ziwani kutoka ufukweni, kwa mzee aliyekaa ametulia, ni neema. Kwa anayecheza, inazalisha vivuli vyenye mikono minne. Kwa hivyo watu wakianza kusogea, izime.

Mengine ni madogo na yana faida kubwa. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu alama ya kidole ndiyo inayoleta ule ukungu kuzunguka taa. Usivute kwa vidole. Sogea kwa miguu. Bonyeza na ushikilie uso wa mtu kwenye kioo mpaka simu ifunge ulengaji na mwangaza, kisha telezesha kidole chini kidogo kupunguza weupe. Egemea nguzo, bana viwiko kifuani, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Na taa ndogo ya simu izime: nguvu yake haifiki mita nne, lakini inatosha kumkera kila mtu.

Idhini ni sehemu ya mipangilio

Kiza huwapa watu dhana kwamba hawaonekani. Lenzi ya f/1.8 inawaona. Mtu anayelia nyuma ya hema, msichana anayecheza akiamini yuko kati ya wenziwe, mtoto aliyelala mapajani mwa nyanyake: wote hao wana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuichapisha picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Picha ya usiku, kama hii tunayoizungumzia.

Basi katika boma, mwendee kwanza mkubwa wa nyumba, au aliyeteuliwa kuongoza shughuli, uulize wapi uruhusiwe na wapi usifike. Ziwani mwombe nahodha. Katika arusi, upande wa wanawake na usiku wa kumpamba bibi arusi ni wa mpiga picha mwanamke, na hata yeye aulize. Maneno ya mwenye picha yatimizwe hata kama ile uliyoambiwa uifute ndiyo bora ya usiku mzima.

Kabla ya kupanda basi la usiku kwenda huko, fanya zoezi moja nyumbani. Zima taa za sebule, acha ya jikoni peke yake, mwite ndugu yako apite mbele ya mlango akitembea. Mpige kwa 1/30, 1/60, 1/125 na 1/250, tundu likiwa wazi kabisa na ISO ikijipandisha yenyewe. Zitazame picha zote kwenye kioo kikubwa. Utaona mwenyewe ni ipi yenye chenga na ni ipi isiyo na mtu. Chaji betri mbili, kwa sababu mkesha ni mpaka alfajiri, na beba kadi ya akiba.

Ukishayajua hayo kwa vidole vyako bila kutazama, uko tayari kupokea nusu ya pesa ya mtu.